Kadi za Pokémon: Jinsi ya kutambua orijino na feki kabla hujatoa hela

Mwaka 2021, Logan Paul, staa wa YouTube kutoka Marekani, alinunua kadi moja ya Pikachu kwa dola 5,275,000. Bei kama hizi ndizo zinazowavuta matapeli. Picha ya kadi ni rahisi kunakili, lakini karatasi yake si rahisi kuiga. Anza kukagua hapo.

Mulika kwa tochi ya simu
Kadi orijino ina karatasi mbili zilizogandishwa, na katikati kuna tabaka jembamba jeusi linalozuia mwanga. Ilinganishe na kadi ya aina hiyohiyo ambayo una uhakika nayo. Mwanga ukipenya zaidi, shtuka.

Tazama ukingo
Mara nyingi utaona mstari mwembamba mweusi katikati. Baadhi ya feki nazo wanauweka, hivyo usiishie hapo. Pima pia: kadi halisi ni milimita 63 kwa 88.

Tumia kioo cha kukuzia
Picha kwenye orijino imechapwa kwa vitone vidogo vyenye mpangilio, ila maandishi meusi yamekolea na kingo zake ni safi. Kwenye feki nyingi, herufi zina ukungu au zimejaa vitone.

Soma maandishi
Neno Pokémon lina alama juu ya herufi "é". Ikikosekana, achana nayo.

Orijino nazo hazilingani bei
Mfano ni Charizard ya Kiingereza ya mwaka 1999, namba 4/102. Yenye muhuri wa toleo la kwanza, chini ya picha upande wa kushoto, ni ghali kuliko nyingine zote. Hiyo haina kivuli kwenye ukingo wa kulia wa fremu ya picha. Ukikuta muhuri na kivuli pamoja, muhuri umegongwa baadaye.

Usichane kadi
Kuna video zinazoonyesha watu wakichana kadi ili waone tabaka jeusi. Ikiwa ni halisi, ndiyo umeshaiharibu.

Unanunua mtandaoni?
Mwombe muuzaji video akiimulika kadi kwa tochi na kuonyesha ukingo wake. Ikiwa imo kwenye kasha la kampuni ya ukaguzi ya PSA, hakiki namba yake kwenye tovuti yao na ulinganishe kadi yenyewe, maana hata makasha yanaghushiwa. Akianza kuzungusha maneno, usitume hela.