Masafa na Marudio

Neno masafa, ambalo lugha yetu ililipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya umbali ulio baina ya mahali na mahali, lilidumu zama nyingi vinywani mwa mabaharia na wasafiri bila kumtatiza mtu. Hata redio ilipokuja na neno likapewa kazi ya pili, tukawa twasema masafa mafupi na masafa ya kati, tulisema sawasawa, kwani kilichopimwa pale kilikuwa urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele, na mita 49 ni umbali kama umbali mwingine wowote. Ila vituo vilipozoea kujitambulisha kwa idadi ya mawimbi yapitayo kila sekunde, neno lilibaki lile lile, ilhali urefu wa wimbi na wingi wake ni kama ndoo mbili za kapi moja: hii ikipanda, ile hushuka.

Uzito wa jambo hili sikuutambua mpaka jioni moja jirani yangu, fundi cherehani, aliponikuta nimekiinamia kidude chenye tarakimu zinazobadilikabadilika, nami nikamwambia kwamba napima masafa ya umeme.

“Kutoka bwawani mpaka hapa, Mwalimu?” akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Nikamfahamisha kwamba umeme wa soketini hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji, bali huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, au nukta kama walivyoiita wazee, huku kwetu na Ulaya, na mara 60 kule Marekani. Na kwamba mwendo mmoja kamili kwa sekunde ndio hezi moja, kwa jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Akatafakari kidogo, kisha akasema: “Basi hiyo ni sindano. Masafa ni toka tundu hadi tundu. Nikidarizi, kitambaa nakivuta kwa mkono. Sindano ikizidi kwenda mbio na mkono usibadilike, matundu yanakaribiana.” Sijapata kuona kitabu cha fizikia kilicholieleza jambo hili vizuri zaidi.

Na hiyo 50 yenyewe haikai 50. Mitambo iliyounganishwa katika gridi moja huzunguka kwa kuandamana, na watu wanapowasha majiko na pasi kwa pamoja huwa kama mkokoteni uliofika mlimani: mwendo hulegea kidogo, mpaka maji au mvuke uongezwe. Ndiyo maana kidude changu husoma mara 49.96, mara 50.03.

Mmarekani Henry Warren wa Massachusetts aliyaona haya mapema, alipotengeneza saa za ukutani zenye mota inayofuata marudio ya umeme, naye akatambua kwamba zikipotea, kosa si la saa bali la mtambo. Tarehe 23 Oktoba 1916 aliweka katika kituo kimoja cha umeme mjini Boston saa yenye akrabu mbili, moja ikiendeshwa na pendulumu na ya pili na umeme wenyewe, na wajibu wa mwendesha mitambo ukawa kuhakikisha kwamba haziachani. Mwaka 2018 Ulaya bara ilikumbushwa somo hilo: mzozo baina ya Serbia na Kosovo juu ya umeme usiofidiwa uliyashusha marudio hata wastani wake ukawa 49.996 tangu katikati ya Januari hadi mapema Machi, na upungufu huo, mdogo kuliko unywele, ukazichelewesha saa za majiko na za vitandani kwa takriban dakika sita.

Waraibu wa mambo haya, watu wa ridhaa wasiolipwa na yeyote, huvifuatilia visa vya namna hii wakiwa nyumbani. Vyombo vyao si vya fahari: transfoma ndogo ya kushusha volti, kihesabio kinachoandika kila mara wimbi likatapo mstari wa sifuri, na kipokezi cha setilaiti kinachotoa pigo moja kwa sekunde ili hesabu iwe na mizani. Wengine uraibu umewazidi, wakanunua saa za atomu zilizotumika. Na mwaka 2005 baba mmoja wa Marekani aliwachukua watoto wake na saa tatu za sesiamu, akapanda nazo Mlima Rainier kwa siku mbili, kisha akazilinganisha na zile zilizobaki nyumbani, akakuta zimetangulia kwa nanosekunde zipatazo 22, sawasawa na nadharia ya Einstein. Nadhani watoto walifurahia theluji zaidi.

Marudio, basi, ndilo neno ninalolichagua. Najua linatumika pia kwa masomo yanayopitiwa upya na vipindi vinavyorushwa tena, lakini maana ya kutokea tena na tena imo ndani yake tangu asili, ilhali mapigo yamekwisha kutwaliwa na moyo. Watangazaji waachiwe masafa yao, kwani mazoea yamekwisha kuwa sheria. Ila ninyi mnaotafsiri vitabu vya umeme kwa vijana wetu, tafadhali andikeni kwamba gridi yetu ina marudio 50 kwa sekunde, na wimbi lake ndilo lenye masafa, ambayo ni kilomita 6,000.