He-Man: Mwanasesere Aliyeitangulia Katuni

Wanasesere wengi wa mashujaa hutengenezwa baada ya katuni kupendwa. He-Man alikwenda kinyume. Kampuni ya Mattel ya Marekani, iliyokuwa imekataa leseni ya kutengeneza wanasesere wa filamu ya Star Wars, ilimwingiza sokoni mwaka 1982: mwanasesere wa plastiki wa karibu sentimita 14, mwenye kifua kipana, miguu iliyokunjwa kama ya mpiga mieleka, na kiuno chenye springi ambacho, kikizungushwa na kuachiwa, humfanya arushe ngumi. Hadithi yake ilikuwa katika vijitabu vya picha vilivyotiwa ndani ya pakiti. Katuni ya studio ya Filmation ilifuata mwaka 1983, nayo kwa kweli ilikuwa tangazo refu la biashara, ingawa watoto hawakujali.

Watoto hao walipokua, baadhi yao wakawa wakusanyaji. Kwa ajili yao Mattel ilianzisha mwaka 2008 toleo la Classics, la karibu sentimita 18, lenye viungo vya kiwiko, goti na kifundo cha mguu ambavyo yule wa kwanza hakuwa navyo. Wahakiki wa wanasesere hao hukagua rangi iliyopakwa bila kuvuka mipaka, viungo visivyolegea, na sura isiyomsaliti He-Man wa asili. Kwa wanasesere wa zamani, upanga ukipotea au pakiti ikifunguliwa, bei hushuka.