Kapu na Mnada

Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, Waislamu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire. Waliorejea walianza upya, mikono mitupu. Katika dhiki ya namna hiyo, kapu la bahati nasibu huonekana njia nyepesi ya kuichangia jumuiya: tikiti nyingi, mshindi mmoja. Lakini Kurani Tukufu, Sura Al-Maida, aya ya 90, imeharamisha kamari.

Njia ya halali ni kongwe. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimnadia Ansari mmoja fukara tandiko na bakuli. Dirhamu moja ikawa mbili: ya kwanza ikanunua chakula, ya pili shoka la kukatia kuni. Basi kapu na linadiwe hadharani: ashindaye hulichukua, asiyeshinda hubaki na fedha yake.