Uchunguzi wa Maoni ya Umma kwa Simu: Nani Huulizwa, Nani Hujibu, na kwa Maneno Gani

Utangulizi

Katika nchi nyingi haupiti uchaguzi mkuu bila magazeti na redio kutangaza kwamba asilimia fulani ya wananchi wanampenda mgombea huyu na asilimia fulani wanampenda yule. Msomaji hupewa tarakimu hizo kana kwamba taifa zima limeulizwa, ilhali mara nyingi waliohojiwa ni watu elfu moja au elfu mbili tu, tena kwa simu, na mtu wasiyemjua wala kumwona. Ni kwa haki gani watu wachache hivyo huitwa umma? Swali hilo lina historia, na kwa sehemu kubwa historia hiyo ni ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko mbinu ya kuhoji taifa kwa simu ilikokomaa, na huko ndiko ilikoanza kudhoofika.

Yafaa kwanza kulitazama jina lenyewe. Katika Kiswahili shughuli hii huitwa kwa kawaida "kura ya maoni". Lakini Wakenya walipoitwa vituoni mwaka 2005 na tena mwaka 2010 kuamua juu ya katiba, shughuli hiyo nayo iliitwa kura ya maoni. Na nchini Tanzania jina hilohilo hutumiwa kwa uteuzi wa wagombea ndani ya chama. Maneno hayo basi yanabeba mambo matatu yaliyo mbalimbali. Katika mawili kuna kura halisi, na mwenye kupiga kura huamua jambo. Katika la tatu hakuna kura hata moja: kuna watu waliojibu maswali. Neno "kura" huupa uchunguzi huo heshima usiyostahili, na kwa sababu hiyo makala haya yatatumia "uchunguzi wa maoni".

Mambo matatu hupima uchunguzi wa namna hii: nani aliyeweza kufikiwa, nani aliyekubali kujibu, na aliulizwa kwa maneno gani. La kwanza na la pili yamewashughulisha zaidi wanatakwimu. La tatu ni la wanalugha.

Orodha na ukimya

Magazeti ya Marekani yalianza kukusanya maoni ya wapiga kura kabla ya uchaguzi tangu mwaka 1824. Kwa zaidi ya karne moja imani ilikuwa kwamba wingi wa majibu ndio uzito wa ushahidi. Imani hiyo ilivunjika mwaka 1936. Jarida la Literary Digest, ambalo lilikuwa limebashiri sawasawa chaguzi za urais tangu 1916 hadi 1932, lilituma kadi zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Kutokana nazo lilitangaza kwamba Alfred Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura na kushinda katika majimbo 46 kati ya 48. Mwaka 1938 jarida hilo lilikoma. George Gallup, aliyekuwa ameanzisha taasisi yake ya uchunguzi mwaka 1935, alikuwa amembashiri mshindi kwa kuhoji watu wachache zaidi sana.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba majina ya Digest yalitolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki simu ilikuwa katika kaya moja tu kwa kila tatu hivi. Maskini hawakuwamo. Maelezo hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1988 mtaalamu Peverill Squire alionyesha kwamba hata miongoni mwa waliopelekewa kadi wengi walimtaka Roosevelt. Waliojitaabisha kuzijaza na kuzirudisha ndio waliompendelea Landon. Kosa lilikuwa mara mbili: orodha iliwaacha watu nje, na kati ya waliokuwamo ukimya wa wengi haukuwa sawa na sauti ya wachache. Nusu ya kwanza ya somo hilo ilifahamika upesi. Nusu ya pili ilikawia.

Bahati iliyopangwa

Msingi wa kinadharia ulikuwa umekwisha kuwekwa na Jerzy Neyman katika makala yake ya mwaka 1934. Alieleza kwamba kundi dogo huweza kuwakilisha kubwa ikiwa kila mtu ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na uchaguzi wenyewe ukaachiwa bahati wala si hiari ya mtu. Hata hivyo wachunguzi wa wakati ule walitumia mgao: mhojaji aliambiwa atafute wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, wa umri fulani na kipato fulani, kisha akaachwa ajichagulie mwenyewe. Kwa kawaida aliwachagua waliokuwa rahisi kufikiwa. Mwaka 1948 Gallup na wenzake walibashiri ushindi wa Thomas Dewey, nao waliacha kuhoji mapema kabla ya siku ya uchaguzi. Harry Truman alishinda kwa asilimia 49.6 dhidi ya 45.1. Baada ya aibu hiyo mgao ulianza kuachwa na bahati iliyopangwa ikapewa nafasi yake.

Bahati hiyo ndiyo inayoruhusu hesabu ya kiwango cha makosa. Kwa watu 1,000 waliochaguliwa kwa njia hiyo, kiwango hicho ni takriban asilimia 3 kuongeza au kupunguza, mara 95 katika kila 100. Ukubwa wa taifa haubadilishi sana hesabu hiyo. Kinachohesabika ni idadi ya waliohojiwa, na anayetaka kulipunguza kosa kwa nusu hana budi kuwahoji watu mara nne zaidi. Lakini hesabu hii hupima kosa la bahati peke yake. Haipimi orodha mbovu, wala ukimya, wala swali lililopinda.

Simu inaingia

Kumpeleka mhojaji nyumba kwa nyumba katika nchi pana kama Marekani ni kazi ya gharama kubwa. Simu isingeweza kushika nafasi hiyo hadi ienee. Kufikia mwaka 1960 takriban kaya 78 katika kila 100 za Marekani zilikuwa na simu. Kufikia mwaka 1980 zilizidi 90. Kilichobaki kilikuwa tatizo la orodha, kwa maana wengi walikataa majina yao yasichapishwe katika vitabu vya simu, na waliohama hawakuwamo.

Dawa yake ilikuwa kuitupa orodha kabisa na kuzibuni nambari zenyewe. Nambari ya Marekani ina tarakimu kumi: tatu za eneo, tatu za kituo cha simu, na nne za mwisho za mwenye simu. Nambari zikibuniwa ovyo, takriban moja tu kati ya tano huangukia nyumba ya watu. Nyingine ni za maduka na ofisi, au hazina mwenyewe. Warren Mitofsky wa shirika la utangazaji la CBS alibuni njia ya kupunguza hasara hiyo, na Joseph Waksberg akaieleza kihesabu katika makala ya mwaka 1978. Tarakimu nane za kwanza hutengeneza fungu la nambari 100. Nambari moja ya fungu hupigwa kwa bahati. Ikipokelewa nyumbani, fungu zima huwekwa na nambari nyingine zake hupigwa hadi idadi iliyopangwa ya nyumba itimie. Isipopokelewa nyumbani, fungu hutupwa. Kwa hila hiyo mhojaji aliifikia nyumba yoyote yenye simu, iwe imo kitabuni au haimo.

Kuifikia nyumba hakutoshi, kwa sababu anayewahi kuipokea simu si lazima awe ndiye anayetakiwa. Aghalabu anayeshinda nyumbani ana umri na kazi tofauti na asiyeshinda. Ndipo mhojaji huuliza, kwa mfano, ni mtu mzima gani nyumbani aliyeadhimisha siku yake ya kuzaliwa karibuni zaidi, kisha huomba azungumze naye. Asipokuwapo, simu hupigwa tena siku nyingine na saa nyingine, mara kadhaa, badala ya kumchukua jirani. Tangu miaka ya 1970 kompyuta imekuwa ikimwonyesha mhojaji swali moja moja na kuyahifadhi majibu. Mwishoni majibu hupewa uzito: anayeishi peke yake alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa kuliko anayeishi na watu wazima watano, na kundi lililopungua likilinganishwa na hesabu ya watu huongezewa uzito.

Neno na jibu

Hata hivyo mashine hii yote hukusanya kitu kimoja tu, nacho ni jibu la sentensi. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwanalugha angefaa kulijua. Nusu moja ya waliohojiwa iliulizwa kama Marekani iruhusu hotuba za hadhara za kuipinga demokrasia. Asilimia 62 walisema isiruhusu. Nusu ya pili iliulizwa kama Marekani izikataze hotuba hizo. Waliosema izikataze walikuwa asilimia 46 tu. Kimantiki kutoruhusu na kukataza ni jambo moja. Masikioni mwa watu si moja, na tofauti ya asilimia 16 inazidi mara nyingi kiwango cha makosa ambacho magazeti hukichapisha.

Swali hilo likitiwa katika Kiswahili, mfasiri hukuta njia panda tatu. Aweza kusema "kuzuia", "kukataza" au "kupiga marufuku". La kwanza hutaja tendo la kukinga, la pili hutaja amri, na la tatu lina harufu ya dola na adhabu. Hakuna kamusi itakayomwamulia ni lipi lililo sawa na neno la asili, kwa kuwa usawa unaotakiwa hapa si wa maana tu bali pia wa uzito.

Tatizo la pili ni la kukana. Mhojiwa wa Kiswahili akiulizwa, "Je, hukubali kwamba kodi ipunguzwe?", mara nyingi jibu "ndiyo" humaanisha kwamba ni kweli hakubali. Kwa Kiingereza "ndiyo" ya swali kama hilo kwa kawaida humaanisha kinyume chake. Fomu iliyotungwa kwa Kiingereza na kufasiriwa neno kwa neno huweza kugeuza maoni ya mtu juu chini bila mhojaji wala mhojiwa kusema uongo wowote. Swali la kukana halifai kabisa katika uchunguzi wa Kiswahili.

La tatu ni la sikio. Katika simu hakuna karatasi ya kusomwa. Mhojiwa akisomewa majibu sita huelekea kulishika la mwisho alilolisikia, na kwa hiyo kompyuta hubadilisha mpangilio wake kwa kila mtu. Swali la simu sharti liwe fupi, lenye kishazi kimoja, na tendo lake liwahi kusikika. Aidha, uso hauonekani lakini lafudhi husikika. Watafiti wa Marekani wameonyesha kwamba mhojiwa hukisia rangi ya mhojaji kutokana na sauti na kulipima jibu lake kwa kukisia huko. Katika nchi ambayo lafudhi huweza kumtaja mtu alikotoka, kama ilivyo Kenya, jambo hilo lastahili uangalifu uleule.

Kurudi kwa ukimya

Simu ya nyumbani ilitawala kwa muda usiotimia miaka arobaini. Simu ya mkononi ilipoenea, orodha ilianza tena kutoboka. Kufikia mwisho wa mwaka 2016 zaidi ya nusu ya kaya za Marekani hazikuwa na simu ya waya. Wachunguzi walianza kuzibuni nambari za simu za mkononi, lakini sheria ya mwaka 1991 ilikataza kuzipiga kwa mashine bila idhini ya mwenyewe, na ilibidi wahojaji wazipige kwa mkono. Zaidi ya hayo watu waliacha kuitikia. Kituo cha Pew kilipata majibu kutoka katika nambari 36 kwa kila 100 mwaka 1997, 9 mwaka 2012, na 6 mwaka 2018. Pew yenyewe ilihamishia sehemu kubwa ya kazi zake kwa kundi la kudumu la watu wanaojibu kwa intaneti, ambao tangu mwaka 2018 huchaguliwa kwa anwani za nyumba.

Ajabu ni kwamba baada ya kupewa uzito, majibu ya hao wachache yalikaribiana na ukweli katika mambo mengi. Lakini si yote. Wanaokubali kuhojiwa ndio haohao wanaojitolea katika shughuli za jumuiya, na wenye elimu zaidi huitika kuliko wenzao. Katika uchaguzi wa mwaka 2016 chunguzi nyingi za majimbo ambazo hazikurekebisha tofauti hiyo ya elimu zilikosea. Kadi ambazo hazikurudishwa mwaka 1936 zilikuwa zimerudi kwa sura nyingine.

Hitimisho

Nchini Kenya simu ya waya haikuwahi kuenea katika kaya za taifa. Uchunguzi wa simu ulikuja pamoja na simu ya mkononi. Kwa hiyo hapa simu ni ya mtu, si ya nyumba. Mtu mmoja huweza kuwa na laini mbili au tatu, na mwingine asiwe na hata moja. Na tarakimu za mwanzo hazisemi mwenye simu anaishi kaunti gani. Sheria ya mwaka 2012 juu ya uchapishaji wa chunguzi za maoni ya uchaguzi humtaka mchapishaji aeleze nani aliyegharimia, wangapi walihojiwa, lini, kiwango cha makosa ni kipi, na maswali yalikuwa yapi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalopita bila kutazamwa. Magazeti hutaja kiwango cha makosa na kulisahau swali.

Na swali likitajwa, aghalabu hutajwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo mhojiwa aliulizwa kwa Kiswahili. Jibu la Kiswahili basi hubandikwa chini ya sentensi ambayo aliyejibu hakuisikia. Jaribio la Rugg laweza kurudiwa kwa Kiswahili, kwa kuzuia, kukataza na kupiga marufuku, na halihitaji zaidi ya makundi matatu na swali moja. Kazi hiyo ni ya idara za lugha. Hadi ifanywe, asilimia itakayochapishwa itabaki nusu ya taarifa. Nusu yake ya pili ni maneno yaliyosemwa kwenye simu.