Nani Amewahi Kuwekewa Bega?

Shangazi yangu anaishi Mkonze, hapa Dodoma, kwenye nyumba ambayo zamani ilizungukwa na mashamba ya uwele na sasa imezungukwa na bikoni za viwanja. Mwaka jana, wakati wa kupalilia, alikuwa anarudi kutoka mjini kwa bodaboda. Dereva akakwepa mbuzi, wakaenda chini. Dereva aliinuka akajipangusa vumbi. Shangazi aliangukia bega la kulia.

Picha ilionyesha kichwa cha mfupa wa mkono, kile kinachokaa ndani ya bega, kimepasuka vipande vinne. Akafungwa mkono shingoni kwa kitambaa, akaambiwa arudi kwa ajili ya upasuaji. Hakurudi. Ukoo ulikaa ukaona bora aende kwa mwunga mifupa mmoja anayesifika, amkande. Naliandika hili nikijua wengine watalisoma kama kisa cha watu wa kijijini wasioelewa. Mimi nina digrii, na mimi ndiye niliyetuma hela ya mwunga mifupa, kwa sababu ilikuwa ndogo kuliko ile nyingine.

Waunga mifupa wanajua kazi yao, na miguundi na mikono mingi Ugogo imenyooka kwa mikono yao. Lakini kichwa cha mfupa wa bega kina tatizo lake: kikipasuka vibaya, njia za damu zinazokilisha hukatika, nacho hufa taratibu ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Mwaka huu daktari aliangalia picha mpya akasema kilichobaki hakiungiki. Kinatolewa, kinawekwa cha chuma.

Shangazi akauliza swali moja tu. "Nani amewahi kuwekewa? Nionyesheni mtu mmoja."

Nyonga tunazijua. Yupo mwalimu mstaafu anayetembea na nyonga ya chuma, anakwenda kanisani na kurudi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, imebadilisha nyonga na magoti ya watu wengi, na siku hizi hata hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa inafanya. Bega ndilo halisikiki. Mkonze nzima sikupata hata mtu mmoja. Ndipo nikafanya kile ambacho mwandishi wa habari hufanya akishindwa kupata mtu wa kuhojiwa: nikamtafuta kwenye historia.

Nilimpata Paris, naye alikuwa mwoka mikate.

Alikuwa na miaka 37, na kifua kikuu kilikuwa kimehama mapafu kikaingia kwenye bega. Kwa wakati huo dawa ilikuwa moja, kukata mkono wote kuanzia begani. Mwoka mikate akakataa. Naona hapo ndipo historia yote ya bega bandia ilipoanzia, kwenye kukataa kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa kukanda unga. Daktari wake, Jules-Émile Péan, alikuwa mpasuaji maarufu mjini, na kwa kuwa mgonjwa hakutaka kukatwa, alimwendea daktari wa meno aliyeitwa J. Porter Michaels amtengenezee kitu. Michaels akatengeneza bomba la platini liwe badala ya mfupa, na juu yake akaweka tufe la mpira uliofanywa mgumu kwa kuchemshwa katika nta ya parafini. Tarehe 11 Machi 1893 Péan alilipachika.

Miaka miwili hivi baadaye ilibidi alitoe. Usaha haukukoma. Wadudu wa kifua kikuu walikuwa bado wamo, na dawa ya kwanza ya kuwaua, streptomycin, ilikuwa bado nusu karne mbele. Bega lenyewe limehifadhiwa Marekani, katika makumbusho ya Smithsonian.

Lakini Péan hakuwa wa kwanza kuliwaza jambo hili. Kabla yake, mjini Berlin, Themistocles Gluck alikuwa ameanza kuweka viungo bandia mwaka 1890, goti likiwa mojawapo, na malighafi aliyoichagua ilikuwa pembe za ndovu. Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Maana mwaka 1890 pembe za ndovu hazikuwa kitu kigeni kwenye uwanda huu. Kwa miongo mingi njia kuu ya misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilipita katikati ya Ugogo. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, Stanley akaipita mwaka 1871, na aliyesoma kitabu chake cha kumtafuta Livingstone anakumbuka anavyolalamika kuhusu hongo. Neno hilo leo lina maana nyingine kabisa, ila wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, nao watemi wa Kigogo waliutoza bila aibu, kwa sababu maji ya visima yalikuwa yao na pori kavu lililofuata halikuwa na maji. Na pembe zile zilibebwa na nini? Mabega. Mpagazi mmoja pembe moja, au watu wawili na mti kati yao pembe ikiwa nzito mno, wiki baada ya wiki, bega la kulia likichoka inahamishiwa la kushoto. Nimesoma maelezo mengi ya wasafiri kuhusu mizigo, uzito wake na bei yake. Maelezo ya bega la mpagazi ni machache sana.

Pembe nyingi za wakati ule ziliishia kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Chache zikawa viungo vya watu. Viungo vya Gluck navyo viliharibika kwa sababu ileile, kifua kikuu, na mkubwa wa upasuaji wa Berlin, Ernst von Bergmann, alimpinga waziwazi. Kazi yake ikalala kwa miaka mingi.

Baada ya hapo bega lilikaa karibu miaka 60 bila mtu wa kulitetea. Aliyepasuka kichwa cha mfupa kama shangazi yangu alitolewa vipande, pakaachwa patupu, mkono ukaning'inia. Charles Neer, daktari wa New York, ndiye aliyeona kwamba matokeo hayo hayafai kuitwa matibabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuweka kichwa cha chuma cha vitallium, mchanganyiko wa kobalti na kromi ambao ulikuwa umeanza kutumiwa na madaktari wa meno (wao tena!), na mwaka 1955 akachapisha matokeo. Mwaka 1970 alitoa mpangilio wa kuhesabu vipande vya bega lililovunjika, ambao madaktari wanautumia mpaka leo. Lile neno "vipande vinne" kwenye karatasi ya shangazi ni la Neer.

Kuna jambo jingine la Neer ambalo nimelipenda kuliko chuma chake. Kwa wagonjwa ambao misuli yao ilikuwa imeharibika sana, aliweka mazoezi ya aina yake aliyoyaita ya malengo yenye mipaka. Yaani unakubaliana na mgonjwa mapema kwamba mkono hautarudi ulivyokuwa. Utatulia maumivu, utakaa karibu na mwili, utafanya kazi za karibu. Ukweli huo unasemwa kabla ya kisu.

Tatizo la misuli lilikuja kupata jibu la ajabu. Bega la kawaida ni tufe la mkono likiegemea kisahani kidogo cha mfupa bapa wa mgongoni, kama chungwa juu ya kisosi, na kinacholizuia lisidondoke ni kano zinazolizunguka. Kano zikichanika, hata tufe la dhahabu litateleza. Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, aligeuza mambo mwaka 1985: tufe akalifunga kwenye mfupa wa mgongoni, kisahani akakiweka juu ya mkono. Kwa mpangilio huo msuli mkubwa wa nje ya bega, ule unaouona kwa wabeba magunia, unaweza kuinua mkono peke yake bila kano zile ndogo. Marekani hawakuliruhusu mpaka mwaka 2003. Ndilo bega ambalo daktari amemwandikia shangazi, maana kano zake zimekwisha. Tumepewa rufaa, na sasa tunahangaikia bei ya chuma.

Kwa sisi wasomaji, Ugogo wa hospitali una vitabu vyake. Paul White, daktari wa misheni kutoka Australia aliyefanya kazi Mvumi mwishoni mwa miaka ya 1930, aliandika mfululizo wa Jungle Doctor uliosomwa na watoto duniani kote. Nilivisoma nikiwa chuo, nikavicheka kidogo na kuvikasirikia kidogo. Katika vitabu vile Mgogo analetwa hospitalini, anatibiwa, anashukuru. Ni mara chache anauliza nani amewahi.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mkonze nikamsimulia yote. Alinisikiliza akichambua mlenda kwa mkono wa kushoto. Pembe za ndovu hazikumshangaza, alisema tu babu zake wangedai hongo zaidi kama wangejua. Aliyemshika ni mwoka mikate.

"Alikubali mwenyewe?"

"Alikubali, shangazi. Alikataa kukatwa."

"Halafu wakakitoa."

"Wakakitoa. Zamani hizo hakukuwa na dawa."

Akanyamaza. Nikamwambia na lile la Neer, kwamba daktari atataka kujua anataka mkono umfanyie nini, na kwamba kuufikisha juu ya kichwa huenda isiwezekane. Nilijua nilikuwa namwambia jambo zito. Shangazi amepiga muheme tangu usichana, na tangu aanguke ngoma yake imelala kifudifudi nyuma ya mlango.

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa mjini.

"Mwanangu, muheme unaushikaje?"

Akasimama, akabana mapajani ngoma isiyokuwepo, mkono wa kushoto ukapiga mara mbili, wa kulia ukatikisika pale kifuani ulipoishia.

"Ngoma iko huku chini," akasema. "Juu kichwani nikafuate nini? Mwambie daktari hapa panatosha. Na ile picha ya zamani iko chini ya godoro, uichukue, wasije wakasema haipo."