Tenofora Walioingia Bahari Nyeusi

Tenofora hufanana na konyeza, lakini si konyeza. Konyeza huwasha, tenofora hunasa windo kwa chembe zenye kunata kama ulimbo. Mwilini wana safu nane za vitana vya vinyweleo, ambavyo huvipiga kama makasia na kumeremeta rangi za upinde wa mvua.

Mapema miaka ya 1980, aina moja iitwayo Mnemiopsis leidyi iliingia Bahari Nyeusi kutoka pwani ya Atlantiki ya Amerika. Inaaminika ilikuja ndani ya maji ambayo meli za mizigo hujaza matumboni ili zisiyumbe zikiwa tupu, kisha huyamwaga bandarini. Kiumbe huyu, asiyezidi sana urefu wa kiganja, ni dume na jike kwa wakati mmoja. Hujirutubisha mwenyewe na hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Chakula kikiadimika, husinyaa bila kufa, na kikipatikana hunenepa tena.

Aliikuta bahari iliyokwisha kuchoka. Mto Danube ulikuwa ukishusha mbolea ya mashambani, na jodari wadogo, vibua na pomboo walikuwa wamevuliwa kupita kiasi. Kwa hiyo kumtwika mgeni huyu lawama yote ni kumwonea. Hata hivyo, alipofurika mwaka 1989, pigo lilikuwa kubwa: alikula vijidudu wanaolisha hamsi, dagaa wa bahari hiyo, kisha akala na mayai na vifaranga vya hamsi wenyewe. Uturuki, iliyovua zaidi ya tani 250,000 za hamsi mwaka 1988, ilipata chini ya tani 100,000 mwaka 1990. Nyavu zilipanda zimejaa utelezi.

Nafuu ililetwa na ndugu yake. Mwaka 1997 alionekana Beroe ovata, tenofora mwenye mdomo mpana anayemeza tenofora wenzake, na idadi ya Mnemiopsis ikashuka.

Lakini mwaka 1999 Mnemiopsis alithibitishwa katika Bahari ya Kaspi, ambako meli hufika kwa mfereji wa Volga na Don uliofunguliwa mwaka 1952. Beroe hakufika pamoja naye, na uvuvi wa dagaa wa huko, kilka, ukaporomoka. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ya meli ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika Septemba 2017.