Taa moja au tatu? Kwanza kaa nikupe historia

Kuna dogo wa Chake Chake kaniuliza: ana pesa ya flashi moja nzuri ya studio au tatu za bei chee, achukue zipi? Kauza mpaka simu yake, kwa hiyo akikosea hapa imekula kwake.

Dogo, turudi nyuma. Mji Mkongwe kule Unguja studio za picha zipo tangu karne ya 19, na taa yao kubwa ilikuwa jua. Mwanga wa upande mmoja, kivuli upande wa pili. Ndo maana zile sura za mababu zina uzito, hazijapauka kama za pasipoti. Zikaja balbu kubwa za moto, mteja jasho linamtoka poda inayeyuka, hahaha! Mwaka 1931 huko MIT, Marekani, Harold Edgerton akatengeneza flashi ya umeme inayowaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde. Hizi zetu ni wajukuu zake.

Sasa Pemba. Mpaka 2010 tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, ndo mwaka huo waya wa chini ya bahari ukafika kutoka Tanga. Flashi ya kuchomeka ukutani enzi zile? Thubutu!

Hivyo chukua moja, yenye betri, umeme ukikatika harusi ya Micheweni inaendelea. 200Ws inatosha kwa mtu mmoja. Mwavuli mweupe, taa pembeni juu ya usawa wa macho, upande wa pili shuka jeupe lirudishe mwanga. Bi harusi akivaa buibui jeusi, sogeza taa karibu. Chenji nunua stendi nzito, watoto wa harusini hawaangalii wanapokimbia.